Dumu lililovimba Iringa

Msomaji wa Mbagala ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ndogo, natengeneza sabuni ya maji na klorini ya maji ya kusafishia, na sasa nimeanza dawa ya choo yenye asidi. Wateja wangu wakubwa wako Morogoro na Iringa. Nafungasha kwenye madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula yaliyotumika, nayaosha kwa maji ya moto. Mzigo wa mwezi uliopita ulipofika Iringa madumu ya klorini yalikuwa yamevimba kama mpira, mawili yamepasuka chini kwenye kona, na utingo ameungua mkono. Kuna muuzaji ananiletea madumu mapya yenye maandishi ya UN, bei karibu mara mbili. Yale maandishi yana maana au ni urembo tu? Na je, naweza kuyapima madumu mwenyewe bila maabara?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa hasara. Lakini kabla ya madumu, huyo utingo. Kama mkono bado una malengelenge au jicho lake linawasha, aende hospitali leo, na wewe ugharamie. Siku nyingine klorini ikimmwagikia mtu, dawa ni maji safi yanayotiririka, dakika 15 kwenda juu, nguo zilizolowa zikiwa zimevuliwa. Ikiingia jichoni, aoshwe hivyo hivyo kwanza, kisha apelekwe hospitali bila kungoja. Kila gari linalobeba mzigo wako liwe na dumu la maji ya kuoshea mahali ambapo mkono unafika, siyo chini ya shehena.

Sasa swali lako. Maandishi yale yana maana kubwa, na kwa klorini achana kabisa na madumu ya mafuta ya kula. Ila usinunue dumu kwa sababu tu limeandikwa UN. Dumu hupimwa pamoja na kifuniko chake, kwa kimiminika cha aina fulani, na kwa muda fulani. Ukibadili kimojawapo, ulichobaki nacho ni plastiki ambayo hakuna aliyeipima.

Tuanze na mzigo wenyewe, maana umenieleza mambo mawili: kuvimba na kupasuka. Watu wengi huyafanya kuwa jambo moja, wakisema limepasuka kwa sababu limevimba. Mara nyingi kila moja lina chanzo chake.

Kuvimba kwanza. Wewe unafunga kifuniko Mbagala, karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ya nje inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi (kilopaskali ni kipimo cha presha). Iringa mjini iko juu kwa zaidi ya mita 1,500, na huko hewa ya nje imepungua hadi kama kilopaskali 84. Hewa uliyoifungia Mbagala imepanda mlima wa Kitonga ikiwa na nguvu ile ile ya pwani, kwa hiyo inasukuma kuta za dumu kwa tofauti ya kilopaskali 16 au 17. Hata dumu la maji ya kunywa lingevimba. Ongeza jua: hewa iliyofungwa ikiwa na nyuzi 25 za sentigredi ikafika nyuzi 45 chini ya turubai huongeza kama kilopaskali 7, na mvuke wa maji humo ndani huongeza kama 6 nyingine. Jumla tunakaribia 30, na klorini yenyewe bado haijafanya lolote.

Nayo haikai kimya. Klorini ya maji, yaani haipokloraiti ya sodiamu, hujivunjavunja yenyewe pole pole na kutoa gesi ya oksijeni. Joto huiharakisha, mwanga huiharakisha, na chembe za metali kama chuma, shaba na nikeli huiharakisha zaidi. Kama unatumia maji ya kisima yenye kutu, au unakorogea kwenye chombo cha chuma, unaitia haraka hiyo gesi. Na mabaki ya mafuta ya kula hayakusaidii. Maji ya moto huondoa mafuta yaliyo juu ya ukuta, lakini plastiki hii hunywa mafuta kidogo hadi ndani. Chukua dumu la mafuta ulilolikausha juani wiki nzima, lifunge usiku mmoja, kisha lifungue asubuhi ulinuse. Hiyo harufu ndiyo inayokutana na klorini yako.

Kwa hiyo klorini inataka kifuniko chenye kipumulio: kifuniko ambacho katikati kina tundu dogo lililozibwa kwa utando unaoruhusu gesi kutoka na kuzuia maji. Hili siyo pendekezo langu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha vitu hatari zinaagiza kabisa kwamba klorini ya maji yenye nguvu, ile iliyopewa namba UN 1791 na kuwekwa katika kundi la pili la hatari (makundi ni matatu, la kwanza ndilo kali zaidi), ifungwe kwenye chombo kinachopumua. Dumu la namna hiyo lazima lisimame wima safari nzima, kwa sababu utando uliolowa muda mrefu hauwezi tena kupumua.

Kupasuka ni kisa kingine, na hapa niseme langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa mpimaji wa ubora katika kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar es Salaam. Mteja alitaka madumu ya sabuni ya maji. Tuliyajaza maji, tukayaangusha, tukayazamisha kutafuta mapovu, yote yakafaulu, nikasaini. Wiki ya nne mteja akatuita stoo kwake. Madumu ya safu ya chini yalikuwa na nyufa kwenye kitako, nyufa nyembamba kama unywele, zimenyooka, kingo zake safi kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Hakuna lililoangushwa. Hakuna lililogongwa. Sabuni ndiyo iliyoyapasua.

Plastiki ya madumu haya ni polietilini ngumu, ile inayoandikwa HDPE. Haiyeyushwi na sabuni wala hailiki. Lakini mahali ambapo ina mkazo, kwenye kona, kwenye shina la mpini, kwenye mshono wa kitako, sabuni husaidia nyuzi zake ndogo kuteleza na kuachana, taratibu, mpaka ufa unafunguka. Maji matupu hayafanyi hivyo. Mimi nilipima kwa maji, siku moja, kitu ambacho kingebeba sabuni kwa miezi. Ndiyo maana kanuni zina jaribio la muda, na ndiyo maana mojawapo ya vimiminika vya kawaida vya kupimia madumu ya polietilini ni maji yaliyotiwa sabuni. Katika kanuni za barabara za Ulaya, dumu la klorini hulinganishwa na vimiminika viwili: maji ya sabuni kwa ajili ya nyufa, na asidi ya nitriki ya asilimia 55 kwa ajili ya kuungua kwa plastiki. Klorini nayo huiunguza plastiki polepole, ikaifanya kavu na yenye kuvunjika. Na kama klorini yako umeitia sabuni kidogo ili itoe povu, umeyaweka maadui wote wawili ndani ya dumu moja.

Kwa nini kwenye kona? Ukilijua dumu linavyotengenezwa utaelewa. Plastiki iliyoyeyuka hushuka kutoka kwenye mashine kama soksi ya moto, kalibu mbili huikumbatia, kisha hewa hupulizwa ndani mpaka soksi inavimba na kugusa kuta za kalibu. Mahali pa karibu hupata plastiki nene. Kona, ambazo ni mbali, hupata plastiki iliyovutika. Chini, pale kalibu zilipoibana soksi, hubaki mshono. Chukua dumu moja la mafuta, la rangi hafifu, ingiza tochi ya simu kwenye chumba chenye giza uiangazie kutoka ndani. Utaona kona zinang'aa kuliko ubavu. Panapong'aa ni pembamba, na hapo ndipo madumu yako mawili yalipofunguka. Mtengenezaji wa dumu la mafuta ya kula hakukosea. Mafuta hayatoi gesi, hayaunguzi, na hayakuhitaji kona nene.

Na pembetatu yenye namba 2 chini ya dumu isikudanganye. Inakwambia ni plastiki ya aina gani ili mchakataji wa taka ajue aiweke wapi. Haisemi lolote kuhusu usalama.

Sasa yale maandishi. Tuseme dumu limeandikwa herufi u na n ndani ya duara, kisha 3H1/Y1.4/120/24/ZA, halafu jina au alama ya kiwanda. Namba 3 ni dumu la mkono, tofauti na 1 ambayo ni pipa. H ni plastiki. 1 ya mwisho ina maana kichwa hakiondoki, ina mdomo tu. Ingekuwa 2 ingekuwa chombo cha mfuniko mpana. Herufi inayofuata ndiyo ya kuitazama kwa makini: X inaruhusiwa kwa hatari za makundi yote matatu, Y kwa kundi la pili na la tatu, Z kwa kundi la tatu peke yake. 1.4 ni uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, kwamba dumu lilipimwa kwa uzito huo na lisibebe kizito zaidi. Klorini ya asilimia 12 iko kama 1.2. Maji ya betri yaliyo tayari ni kama 1.28, kwa hiyo dumu la 1.2 halifai kuyabeba hata kama yanaenea humo vizuri kabisa. Asidi ya salfa iliyokolea ni 1.84, uzito ambao mtu anayenyanyua dumu kwa mkono huuhisi mara moja. 120 ni presha ya maji katika kilopaskali ambayo dumu liliistahimili. 24 ni mwaka wa kutengenezwa, 2024. ZA ni nchi iliyoidhinisha, hapa Afrika Kusini; India huandika IND, na Tanzania kwa alama ile ile ya magari ni EAT.

Kwa madumu na mapipa ya plastiki lazima mwezi nao uonekane, na mara nyingi utaukuta kwenye duara dogo kama saa, mshale ukielekea namba ya mwezi. Tarehe hiyo ina kazi: matumizi ya dumu la plastiki kwa vitu hatari huishia miaka 5 tangu litengenezwe, na kwa baadhi ya vimiminika, kama asidi ya nitriki iliyozidi asilimia 55, miaka 2. Muuzaji akikuletea la 2020 kwa bei nzuri, mwambie asante.

Nini kilifanyika mpaka dumu likapata kuandikwa hivyo? La kwanza ni kuangushwa, na ndilo watu hulipenda kwa sababu lina kishindo. Madumu sita hujazwa kimiminika hadi asilimia 98, yanapoozwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha huangushwa kwenye sakafu ngumu isiyonesa: mita 1.8 kwa X, mita 1.2 kwa Y, sentimita 80 kwa Z. Kimiminika kikizidi uzito wa 1.2, kimo nacho huongezeka. Matatu huangukia ukingo au kona, matatu mengine huangukia sehemu dhaifu ambayo bado haijaguswa, kwa kawaida mdomo na kifuniko. Watu wa Dar huniuliza baridi ya nini wakati sisi hata sweta hatuna. Meli ikitoka hapa inakwenda hadi bandari zenye barafu, na kanuni ni moja kwa dunia nzima. Pia baridi hukausha plastiki na kufichua ile mbaya; plastiki iliyochanganywa na taka zisizojulikana inaweza kuruka vizuri kwenye joto la Mbagala, kisha ikavunjika kama sahani ikipoozwa.

La pili ni kuvuja. Dumu huzamishwa majini likitiwa hewa kwa dakika 5: kilopaskali 30 kwa X, 20 kwa Y na Z. Povu moja tu, limeanguka. Jaribio hili lina jambo la ziada: halifanywi kwa sampuli tu. Kila dumu litakalobeba kimiminika hatari lazima lipimwe kuvuja kiwandani kabla halijatumika mara ya kwanza. Rudia kutazama hesabu yetu ya Kitonga, ile ya karibu 30. Dumu la Y lililopimwa kwa 20 tu, lenye kifuniko kisichopumua, tayari umelipita kabla oksijeni haijaanza.

Ndiyo maana kuna la tatu, presha ya maji. Dumu hujazwa maji pomoni, hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa dakika 30 bila kuvuja. Kiwango hutegemea mvuke wa kimiminika, ila hakishuki chini ya kilopaskali 100, na kwa hatari za kundi la kwanza si chini ya 250.

La nne, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kuliko yote kwa nchi yetu, na ndilo halina kishindo. Dumu hubebeshwa mzigo sawa na wenzake waliopangwa juu yake hadi kimo cha mita 3, na kwa madumu ya plastiki ya vimiminika hukaa hivyo siku 28 kwenye joto lisilopungua nyuzi 40. Kwa dumu lako la lita 20 lililojaa klorini, lenye kimo cha sentimita 40 hivi, la chini linabeba karibu kilo 160 kwa wiki nne. Nimesimama kwenye chumba hicho. Siku ya tatu huoni kitu. Siku ya kumi mabega ya dumu yameanza kushuka kidogo, kama mtu aliyechoka kubeba. Siku ya ishirini lililo dhaifu limeinama upande mmoja, na ukiliacha litaangusha nguzo nzima. Hiyo ndiyo stoo ya bati ya Dar mwezi wa Februari, na hiyo ndiyo Fuso iliyosimama mizani mchana kutwa.

Na kabla ya majaribio yote, dumu la plastiki hukaa na kimiminika chenyewe miezi 6, au kwa polietilini siku 21 kwenye nyuzi 40 likiwa na kimiminika cha kawaida cha kulinganishia. Baada ya hapo ndipo huangushwa na kusukumwa. Wanapima dumu lililozeeka, siyo jipya linalong'aa.

Kupima mwenyewe sasa. Sheria hairuhusu mtu kujipigia muhuri wa UN. Huo hutolewa kwa idhini ya mamlaka baada ya majaribio rasmi. Lakini kuchuja madumu mabaya unaweza, na ningependa kila karakana ifanye hivyo.

Kwa kuvuja, usithubutu kuunganisha kompresa ya gereji. Hewa iliyobanwa ndani ya dumu ni kama bomu, na nimeona kifuniko kikitoboa dari la hadibodi. Tumia pampu ya baiskeli na kinga hii: simamisha ukutani bomba la plastiki la mita 2 na nusu, ziba chini, lijaze maji. Kwenye njia ya hewa weka kiungo cha njia tatu: mpira mmoja kwenda kwenye dumu, mmoja pampu, na wa tatu uzamishe ndani ya lile bomba mpaka mwisho wake uwe mita 2 chini ya maji. Mita 2 za maji ni takribani kilopaskali 20. Presha ikifika hapo hewa ya ziada inatoka yenyewe kwa mapovu kwenye bomba, na dumu haliwezi kupata zaidi ukipampu taratibu. Lizamishe dumu kwenye tangi dogo, likandamizwe kwa ubao na mawe maana litataka kuelea, utazame dakika 5. Mapovu mengi hutokea chini ya kifuniko, si kwenye plastiki. Hapo angalia ule mpira mwembamba wa ndani ya kifuniko. Madumu ya mitumba mara nyingi hayana, au umekauka.

Kwa presha ya maji unahitaji ghorofa. Jaza dumu maji hadi hewa yote itoke, funga kifuniko chenye kiungo cha mpira, upandishe mpira uliojaa maji mpaka kimo cha mita 10 na sentimita 20 juu ya dumu. Uzito wa maji hayo ni kilopaskali 100 kamili, bila mashine yoyote. Ghorofa ya tatu au ya nne inatosha. Acha dakika 30. Dumu litavimba ubavu, na hilo si kosa. Kosa ni tone. Jaribio hili ni salama kuliko la hewa, kwa sababu maji hayabanwi na dumu likifunguka linamwaga tu.

Kwa kuangusha, maji matupu yataganda, kwa hiyo yatie chumvi: gramu 300 kwa kila lita. Maji hayo hayagandi hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na uzito wake ni karibu 1.18, sawasawa na klorini yako kwa bahati nzuri. Dumu moja litakula kilo tano na zaidi za chumvi, lakini chumvi hiyo utaitumia tena na tena. Omba nafasi kwenye friza la mtu wa samaki, siku mbili, kisha angusha kwa mita 1.2 kwenye zege: moja kwa kona ya kitako, jingine kwa mdomo. Dumu lililoangushwa halirudi kazini hata kama halina alama.

La muda ndilo la kuanza leo. Jaza madumu matano ya yule muuzaji, kwa klorini yako halisi na kifuniko chake cha kupumua, yaweke kivulini juu ya sinia la plastiki, andika tarehe. Mengine matano yajaze sabuni yako ya maji. Yatazame kila wiki kwenye kona na mshono. Miezi sita ni mingi kwa mfanyabiashara, najua, lakini itakwambia kitu ambacho muuzaji hawezi kukwambia.

Huyo muuzaji umwombe ripoti ya majaribio. Ripoti ya kweli hueleza vipimo vya dumu, aina ya plastiki, unene, namna lilivyotengenezwa, aina ya kifuniko, na kimiminika kilichotumika kulipimia. Akisema kifuniko cha kipumulio kinauzwa kando, uliza kama dumu hilo lilipimwa likiwa nacho. Akinung'unika kuhusu maswali, tafuta mwingine. Maabara ya vifungashio ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, iko Ubungo, nenda na dumu mkononi uulize wanapima nini na kwa bei gani. Na kama bado hujasajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, fanya hivyo. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 inamgusa mtengenezaji, mwenye stoo na msafirishaji, mdogo kwa mkubwa.

Bei mara mbili unaweza kuipunguza kwa amana. Mteja wa Iringa alipie dumu mara ya kwanza, akilirudisha tupu anajaziwa jingine. Dumu la klorini libaki la klorini maisha yake yote, likaguliwe kila linaporudi, na litoke kazini miaka 5 ikifika.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nalo linanitia hofu kuliko nyufa zote. Umesema umeanza dawa ya choo yenye asidi. Asidi ikikutana na klorini ya maji hutoka gesi ya klorini, nzito kuliko hewa, inayokaa chini pale utingo anapolala. Bidhaa hizi mbili zisisafiri kwenye gari moja, zisikae stoo moja, na zisitumie madumu yanayofanana. Chagua rangi ya kifuniko kwa kila moja na usiibadili kamwe, hata siku vifuniko vimekwisha. Wala usitume lolote kati yake kwenye buti la basi la abiria. Watu 60 wamekaa juu ya mzigo wako na hakuna hata mmoja anayejua kilichomo.

Madumu ya klorini yaliyobaki kwako yafungue leo, nje, penye upepo, ukiwa na miwani na glavu, robo mzunguko kwanza usubiri gesi itoke. Usiyajaze tena hadi mdomoni. Acha nafasi, maana maji ya moto yanataka mahali pa kupanuka. Yale mawili yaliyopasuka usiyatupe. Yaoshe sana, yakate kona kwa msumeno wa chuma, utazame ule ufa kwenye mwanga: kama kingo zake ni laini na zimenyooka, ni sabuni; kama plastiki inamomonyoka ukiikwangua kwa ukucha, ni klorini imeiunguza. Niandikie umeona nini, na klorini yako ina nguvu asilimia ngapi.